Kichupa cha Mti wa Chai na Mafuta ya Bibi

Watu wengi chunusi huwaanza wakiwa kidato cha pili, zikakaa nao kwa adabu mpaka kidato cha nne, kisha zikaaga. Zangu zilikuja kwa wakati wake kama za wenzangu, ila kuondoka ndiko zilikokataa. Ujana ulikuja ukapita, wenzangu wakaolewa, wengine wakaachika na kuolewa tena, mimi nikabaki na chunusi zangu kama mwenye harusi aliyebaki na wageni waliokosa gari la kurudi kwao.

Sisemi hivyo kwa uchungu. Mimi ni mtu wa ndani. Nashona mapazia na foronya chumbani kwetu hapa Kibaha, na wateja hunifuata mlangoni. Kutoka kwetu mpaka Maili Moja kwa mguu ni mwendo wa kumaliza embe moja, lakini nimewahi kumaliza msimu mzima wa maembe sijafika. Mtu wa namna hiyo anahitaji uso wa nini? Cherehani haijawahi kulalamika.

Aliyekuwa akilalamika ni mdogo wangu, ninayeishi naye. Yeye anauza katika duka la vipodozi hukohuko Maili Moja, na uso wake ni laini kiasi kwamba inzi akitua hateremki kwa hiari yake, anateleza. Kila asubuhi akiwa anajifunga mtandio mbele ya kioo, alikuwa na neno.

"Dada, hiyo ya puani leo imeamka kabla yako."

"Iache. Inasubiri chai."

"Imiminie basi, isije ikanywa yako."

"Nenda kazini kwako, utachelewa."

Ndivyo tulivyokuwa tukiagana.

Sasa, ili uelewe mkasa wangu, lazima nikueleze habari za mafuta. Bibi yetu, mzaa mama, anakaa Kibuta, kule Kisarawe, kwenye nyumba yenye minazi mbele na mihogo nyuma. Bega lilipoanza kumsumbua akaweka jembe chini, shamba wakalichukua wajomba. Kazi za mikono zikamwondokea moja baada ya nyingine: kulima, kutwanga, kusuka ukili. Ikabaki moja tu, kupika mafuta ya nazi. Hayo alikataa kabisa kumwachia mtu. Anayapika mwenyewe, anayachuja kwa kitambaa cheupe, anayatia kwenye chupa zilizokuwa za juisi, kisha anampa yeyote anayekuja huku kwetu. Chupa ikifika, nyumba nzima inanukia kama wali wa sikukuu.

Nimeyapaka mafuta hayo tangu nimezaliwa. Nikitoka kuoga, najimiminia kiganjani, naanza na utosi, nashuka usoni, shingoni, mpaka vidole vya miguu. Na kila siku baada ya sala ya magharibi simu ya bibi ilikuwa inalia. Shikamoo, marahaba, hamjambo huko, halafu swali ambalo halikuwahi kukosa:

"Umepaka?"

"Nimepaka, bibi."

"Haya. Mwanamke ngozi, mke mwenzangu."

Ananiita mke mwenzake kwa sababu ya utani wetu wa bibi na mjukuu: mume wetu ni babu, aliyefariki zamani, na inasemekana alinipenda mimi kuliko yeye. Bibi anadai bado ana kinyongo.

Basi, siku moja mdogo wangu akarudi kazini na kichupa cheusi, kidogo kama cha dawa ya masikio. Akakiweka juu ya foronya niliyokuwa naishona.

"Mafuta ya mti wa chai," akasema. "Wateja wanayagombania. Ni ya chunusi, hayana kemikali."

Nikafungua, nikanusa. Nikadhani amenichezea, maana harufu ilikuwa ileile ya dawa ya mafua tuliyokuwa tukipakwa kifuani utotoni, ukichanganya na mkaratusi uliokatwa jana.

"Sasa hii nipake au nijifukize?"

"Upake. Lakini sikiliza, dada, usipake matupu. Ni makali. Tone moja au mawili unachanganya na kitu kingine, halafu unagusa kwenye chunusi tu."

Nikachanganya na kitu kingine. Katika nyumba yetu kitu kingine ni kimoja, mafuta ya bibi. Nikatia matone yangu kwenye kiganja kilichojaa mafuta ya nazi, nikajipaka uso mzima, nikasubiri uzuri. Baada ya wiki kadhaa chunusi zilikuwa zimeitana. Zilizokuwepo zilileta ndugu zao, na ndugu zao wakaja na wakwe.

Mdogo wangu akanikagua chini ya taa, akaminya midomo.

"Umechanganya na nini?"

"Na ya bibi."

Akatazama dirishani, akatazama miguu yake. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga miiba, "Dukani tunaambiwa mafuta ya nazi ni mazito. Yanaziba vitundu vya ngozi. Kwa mtu mwenye chunusi, usoni siyo."

"Unasema mafuta ya bibi ndiyo yaliyoniletea chunusi?"

"Mimi sijasema bibi. Nimesema dukani tunaambiwa."

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Kuna mambo siwezi kukueleza, dada," akasema, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilidhani ni maringo ya kazi. Mtu akiuza vipodozi miaka michache anajiona daktari. Lakini usiku huo nilipogeuka kitandani kila upande, kitu kilichonikosesha raha hakikuwa uso. Ilikuwa ile simu ya magharibi. Kama maneno ya dukani ni ya kweli, basi kila siku bibi alikuwa ananiuliza kama nimejipaka chunusi, na mimi najibu nimepaka, bibi. Utamwambiaje mtu kwamba kazi ya mwisho iliyobaki mikononi mwake, ndiyo inayokuharibu uso? Nikimwambia ataacha kupika. Akiacha kupika atakaa kwenye mkeka kutazama minazi yake, na nilishawaona wazee waliokaa kutazama minazi yao. Hawakukaa sana.

Nikaamua nitanyamaza, na mti wa chai niutumie peke yake. Kuhusu ukali sikujali. Kwenye zahanati ya shule yetu ya bweni walikuwa wakitusafisha vidonda kwa spiriti, ukipiga kelele nesi anasema, "Ndiyo inafanya kazi hiyo." Elimu hiyo niliishika kuliko hesabu. Nikajimiminia yale makali matupu kwenye pamba, nikasugua mashavu yote mawili. Yakawasha. Nikafurahi. Yakachoma. Nikafurahi zaidi. Kesho yake mashavu yalikuwa mekundu, kesho kutwa yakaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa mpangaji.

"Dada," akasema mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza hakucheka, "wewe uliambiwa uguse chunusi. Umejipiga deki."

Wakati uso uko katika hali hiyo, simu ya magharibi ikalia.

"Mke mwenzangu, bega limekataa. Nazi zimejaa ukumbini, siwezi kukuna. Njoo na mdogo wako Jumamosi mnikunie, tupike."

Mimi ambaye kwenda Maili Moja ni safari ya mapatano, nikafunga kanga mbili kwenye mfuko, nikajifunga mtandio mpaka chini ya macho, tukaenda.

Bibi alitupokea uani. Nikamwamkia kupitia kitambaa.

"Marahaba. Mbona umejifunga hivyo? Umekuja kuniibia kuku?"

"Vumbi la njiani, bibi."

"Vumbi, na mvua imenyesha jana."

Mdogo wangu akakohoa. Nikakaa kwenye mbuzi, nikaanza kukuna. Sijui kama umewahi kukuna nazi za chupa nzima za mafuta. Unakaa kwenye kile kigoda, jino la chuma liko mbele yako, unazungusha kifuu mkononi, na baada ya nazi chache unaanza kufikiria maisha yako yote na makosa uliyofanya. Mdogo wangu alikuwa anakamua kwenye kifumbu, bibi akipokea tui kwenye sufuria kubwa, mkono wake mmoja ukiwa umeshikilia bega linalouma, huku anatukosoa.

"Usifike kwenye ganda, mafuta yatakuwa meusi. Mume wetu alikuwa anakuna vizuri kukushinda."

"Mume wetu alikuwa anakuna nazi?"

"Nilipokuwa na mimba ya mama yenu. Alijifungia jikoni watu wasimwone."

Tui likalala usiku kucha, na asubuhi utandu mzito ulikuwa umeelea juu. Tukaukusanya, tukauweka motoni. Bibi akashika mwiko. Hapo ndipo nilipomwona alivyo. Uani alikuwa mwanamke mwenye bega bovu, lakini mbele ya lile sufuria alinyooka. Alikuwa anasikiliza tui linavyochemka, akijua kwa mlio tu lini povu litakatika na mafuta kujitenga. Nikajiambia, sitasema kamwe. Uso na uoze.

Lakini moto hauna siri. Jasho likanitiririka, mtandio ukalowa, ngozi ikaanza kuwaka. Nikajifungua nusu, nipate upepo, na bibi akageuka wakati huohuo kutafuta chumvi.

"Loo! Nani kakuchuna?"

"Nimeungua, bibi."

"Umeungua na nini?"

"Dawa."

Akanisogelea, akanusa. "Ndiyo maana tangu jana nasikia harufu ya mafua humu ndani, nikadhani ni mimi. Dawa ya nini?"

"Ya chunusi. Mafuta ya mti wa chai."

"Chai hii tunayokunywa?"

"Siyo hii, bibi. Mti mwingine, wa ng'ambo."

"Na huku miti imekwisha?" Akaweka mwiko chini. "Njoo hapa mwanangu. Njoo nikupake."

Alikuwa ameshachota mafuta mapya kwa kijiko, akayapoza kwa kuyapuliza, akayatia kiganjani. Nami nikapiga magoti mbele ya bibi yangu kama nilivyokuwa nikipiga nikiwa na miaka mitano, akanipaka. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa uzee, lakini vilipita juu ya yale magamba polepole hata maumivu yenyewe yakaona haya. Nilifumba macho. Nilijua ninazibwa kila kitundu cha uso, na sikutaka aache.

"Mafuta haya hayajawahi kumdhuru mtu," akasema. "Sasa nitakupikia chupa mbili kila mara. Moja ya kawaida, moja ya huu uso. Bega litazoea."

Bega litazoea! Hilo ndilo lililonishinda. Kunyamaza kwangu kulikuwa kwa ajili ya kumlinda, na tazama, kunyamaza kwenyewe kunakwenda kummaliza bega lililobaki. Nikamtazama mdogo wangu. Akanitazama, akasema, "Bibi, dada ana neno."

Nikalisema. Nililisema vibaya, kwa kuzunguka, nikaanza na maneno ya dukani, nikapitia vitundu vya ngozi, nikamsifu bibi mara tatu katikati, na mwisho nikasema labda, yaani labda, usoni mafuta haya yamekuwa mazito kidogo kwangu, lakini kwingine kote ni mazuri sana.

Bibi akakoroga sufuria. Akakoroga tena. Tui lilikuwa limekatika, mashapo ya kahawia yanazama chini, na mimi nikiyaona kama ndiyo moyo wake.

"Usoni?" akauliza hatimaye.

"Ndiyo, bibi."

"Weye mpaka leo unapaka mafuta ya nazi usoni?"

"Si ulinipaka mwenyewe, bibi?"

"Nilikupaka ulipokuwa mtoto! Mtoto hupakwa kote, ndiyo mtoto huyo. Mwanamke akishavunja ungo anaacha. Mafuta ni ya nywele na mwili, uso ni wa liwa. Kila mwari anaambiwa hilo siku ya kwanza akiingia ndani." Akamgeukia mdogo wangu. "Weye unapaka wapi?"

"Nywele na mwili, bibi."

"Nani alikufunza?"

"Wewe, bibi. Ile likizo niliyokaa huku ndani."

Nilipovunja ungo nilikuwa bweni, na bibi alimwomba mama aniachie likizo moja tu aniweke ndani, anifunze kama alivyofunzwa yeye. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu na kichwa chake kigumu. Akajibu kwamba mtoto ana mtihani. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, mama alikuwa amelegea, akamwachia. Ndiyo kusema yule aliingia, akatoka na uso wa kuteleza inzi. Mimi nilifanya mtihani. Na hesabu nikafeli.

"Kwa hiyo wewe ulijua!" nikamgeukia. "Miaka yote tunalala chumba kimoja, unanitazama najimiminia mafuta usoni, na ulijua!"

Macho yalikuwa yamemjaa machozi, nusu ya kicheko, nusu ya kweli. "Dada, tulikatazwa! Tuliambiwa ya ndani yanabaki ndani, usimwambie ambaye hajachezwa unyago. Mimi nilidhani ni yote. Kila nikitaka kukuambia naogopa. Ndiyo maana nikakuletea kichupa."

Bibi akageuka kumtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kinachoanzia tumboni, kikalitikisa lile bega bovu mpaka akalishika.

"Siri ni yale mengine, mtoto weye! Si mafuta! Mafuta hata mwenye duka anajua!"

Tulicheka wote watatu, mafuta nusura yaungue. Bibi akayaepua haraka, akayachuja kwa kile kitambaa cheupe, na alipokuwa anakikamua, kicheko kikamwisha. Akasema bila kunitazama, "Basi nilikuacha nje."

"Ulikuwa mtihani, bibi."

"Nilikuwa nakuuliza umepaka, umepaka. Sijakuuliza hata siku moja wapi." Akanichotea mashapo ya mafuta juu ya kipande cha muhogo, kama alivyokuwa akitupa utotoni, akanipa. "Mdogo wako kesho aende kazini. Weye hutoki."

"Sitoki wapi, bibi?"

"Ndani. Unakaa ndani, nakufunza. Huo uso siwezi kuuachia nesi wa spiriti."

Na miaka yangu ishirini na tisa, nikawa mwari. Majirani walipopita na kuuliza, bibi aliwajibu kwamba mke mwenzake yuko ndani, wasimsumbue. Nimesikia mabinti wakisimulia jinsi kukaa ndani kunavyochosha, hutoki, huonekani, huendi popote, chakula unaletewa. Nilimwuliza bibi kama haiwezekani kuongeza siku.

Alichonifunza sitakiandika. Nimeshaona hasara ya kutunza siri kupita kiasi, lakini yale mengine kweli ni mengine. La uso nitalisema, kwa kuwa hata mwenye duka analijua. Kwanza alinikataza kupaka chochote isipokuwa maji mpaka ngozi ifunge. Kisha akasugua kipande cha liwa, ule mti unaonukia, kwenye jiwe kwa maji, akanipaka, nikawa na sura ya ukuta uliosiribwa. Na kichupa changu hakukitupa kama nilivyotegemea. Alikinusa kila siku, akidai kinamfungua pua. Akaniuliza maelekezo yanasemaje, nikamweleza. Tone moja, kitu kingine, chunusi tu.

"Sasa hilo si ndilo?" akasema. "Dawa ya chunusi inapakwa chunusi, haipakwi mtu."

Akakata jani la mshubiri nje ya dirisha, akakwangua ule ute wake, tukatia tone moja, akanigusia kidevuni kwa ncha ya pamba. Likawasha kidogo. Sikufurahi. Kufurahia kuungua nimeacha.

Sasa nimerudi Kibaha kwenye cherehani yangu. Chunusi nyingi zimeaga, ingawa moja ya puani inarudi kila mwezi kuangalia kama sijahama, na mdogo wangu anaisalimia kwa heshima kama mgeni wa siku nyingi. Chupa ya bibi inakuja kama zamani, moja. Na magharibi simu inalia.

"Umepaka?"

"Nimepaka, bibi."

"Wapi?"

"Nywele, viwiko, magoti, miguu."

"Na usoni?"

"Usoni hapana, bibi."

"Haya, mke mwenzangu. Uso umepona huo, si utoke nje basi watu wauone?"

"Jua kali, bibi."

"Saa hizi ni magharibi."

"Basi kesho, bibi," nikamwambia, nikavuta foronya nyingine.